Watunzi wa Nyimbo za Ibada na Mwendo wa Lugha Yetu

Utangulizi

Historia ya fasihi yetu imeandikwa zaidi kwa kuwafuata washairi wa diwani na wa tenzi, na ni haki iwe hivyo. Lakini liko kundi jingine la watunzi ambao maneno yao yameimbwa na watu wengi kuliko mashairi mengi ya diwani, na hata hivyo halijapewa nafasi yake katika masomo yetu. Hao ni watunzi wa nyimbo za ibada. Mtoto asiyejua kusoma huzijua tungo zao kwa moyo, na mzee asiyeona huziimba bila kukosa. Hata Wimbo wetu wa Taifa, ambao raia wa kila dini husimama kuuimba, asili yake ni wimbo wa ibada.

Katika insha hii nakusudia kueleza kazi ya watunzi hao katika Afrika ya Mashariki, nikianzia upande wetu wa Tanga. Sikusudii kuhubiri dini ya mtu yeyote. Nakusudia kuonyesha jambo moja la historia ya utamaduni, nalo ni hili: wimbo mgeni haukuwa wetu siku maneno yake yalipotafsiriwa; ulikuwa wetu siku sauti yake ilipokubali kufuata mwendo wa lugha yetu. Aidha, kazi hiyo ya kuipatanisha sauti na lugha ilifanywa zaidi na walimu na wanafunzi, ambao wengi wao hatuwajui hata kwa jina.

Pwani kabla ya kwaya

Wamisionari hawakuikuta pwani yetu ikiwa kimya. Tangu Moa hadi Tanga, na tangu Pangani hadi Mwera na Saadani, watu walikuwa na nyimbo zao za ibada kwa miaka mingi. Maulidi yalisomwa kwa Kiarabu, na kasida ziliimbwa na kuitikiwa. Kwa Kiswahili ulikuwapo utenzi, uliokuwa chuo cha watu wengi wasiokuwa na chuo kingine. Kwa utenzi watu walijifunza habari za mitume, za siku ya kiyama na za wajibu wa mwanadamu kwa Muumba wake.

Mfano mwema ni Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa Tanga. Huyu ndiye aliyetunga utenzi mashuhuri wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, vita vya mwaka 1307 wa hijra, yaani baina ya mwaka 1889 na 1890. Lakini kazi yake haikuwa ya vita tu. Alitunga pia Utenzi wa Kutawafu Nabii na Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, ambazo ni tungo za dini.

Tuutazame utenzi ulivyojengwa, maana hapo ndipo hoja yetu inapoanzia. Kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande kina mizani minane. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina cha peke yake kinachoendelea tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa ajili ya kueleza, naweka hapa ubeti nilioutunga mwenyewe:

Sikia mwana sikia,
Sauti ya asilia,
Wimbo utakuingia,
Moyoni ukae humo.

Kadhalika, desturi ya watunzi wengi wa tenzi ilikuwa kujitaja jina mwishoni mwa utungo, pengine pamoja na mji wake na mwaka aliotunga. Msomaji alijua nani amesema na nani ataulizwa. Desturi hiyo tuikumbuke, kwa sababu tutairudia.

Wamisionari na sauti ngeni

Misheni ya Vyuo Vikuu, ijulikanayo kama UMCA, ilihamia Unguja mwaka 1864. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto waliookolewa katika biashara ya utumwa. Miongoni mwa waliofika mwaka huo alikuwamo Edward Steere, aliyekuwa askofu tangu mwaka 1874 hadi alipofariki mwaka 1882. Steere aliandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, akatafsiri sehemu kubwa ya Biblia pamoja na sala na nyimbo. Misheni yake ilifika upande wetu mapema: kazi ya Magila, katika nchi ya Wabondei, ilianza katika miaka ya 1867 na 1868. Wamisionari wa Kijerumani wa misheni iliyokuja kujulikana kwa jina la Bethel walifika Tanga mwaka 1890, na mwaka uliofuata wakapanda milima ya Usambara na kujenga Mlalo. Wakatoliki walikuwa wamekwisha kufika Unguja mwaka 1860 na Bagamoyo mwaka 1868, wakiimba kwa Kilatini.

Wote hao walileta nyimbo za kwao. Njia ya kuzifundisha ilikuwa rahisi: mwalimu aliandika ubaoni herufi za do, re, mi, na wanafunzi wakazifuata kwa sauti, hata kama hawakuwa na kinanda. Maneno yaligeuzwa kwa Kiswahili, Kibondei au Kisambaa, lakini sauti iliachwa kama ilivyotoka Ulaya. Na katika mahali pengi ngoma ilikatazwa mlangoni mwa kanisa.

Basi kasoro ikatokea, na haikuwa ya maana ya maneno, bali ya mwendo wake. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Tunasema MU-ngu, BA-ba, si-KI-a. Mkazo si jambo dogo katika lugha. Barabara ya kupitia magari na kazi iliyofanywa barabara hutofautishwa kwa mkazo tu. Kadhalika walakini yenye maana ya kasoro na walakini yenye maana ya lakini.

Sasa tuchukue wimbo wa Kiingereza wa aina iliyopendwa sana makanisani, ambao ubeti wake una mistari minne ya silabi nane nane. Mtu wa pwani akihesabu silabi hizo atafurahi, maana ni hesabu ile ile ya utenzi. Lakini hesabu si kitu chote. Katika nyimbo nyingi za aina hiyo sauti huanza kwa pigo dogo, na pigo kubwa likaangukia silabi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Tuutie humo mstari wangu wa kwanza: si-KI-a MWA-na SI-ki-A. Mwanzo wake umekaa vizuri. Mwisho wake umevunjika: neno moja, sikia, limetamkwa kwa namna mbili katika mstari mmoja, na ile ya pili si ya Kiswahili.

Tena kasoro hiyo haikimbiliki kwa kubadili maneno. Mstari wa Kiswahili wenye mizani minane, ukiishia kwa neno la kawaida lenye silabi mbili au zaidi, mkazo wake wa mwisho utakuwa katika mizani ya saba. Sauti ile ya kigeni inaudai katika ya nane. Hivyo katika kila mwisho wa mstari lugha na sauti huvutana, na kwa kuwa sauti imeandikwa na kufundishwa kwa amri, lugha ndiyo inayoshindwa. Ziko sauti za Ulaya zinazoanza kwa pigo kubwa na kuishia kwa pigo dogo. Hizo mistari yake yenye silabi nane hupatana na Kiswahili bila taabu, na nadhani ndiyo sababu mojawapo baadhi ya nyimbo zilizotafsiriwa zimependwa na nyingine zimebaki vitabuni.

Katika lugha kama Kisambaa na Kihaya taabu ilizidi, kwa kuwa katika lugha hizo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Sauti ya wimbo ikipanda pale neno linaposhuka, maana huweza kufichika au kupotea kabisa.

Si kwamba wageni wote walikuwa hawayajui mashairi yetu. W. E. Taylor wa Mombasa, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, alikusanya mashairi ya Muyaka na kuzijua vema bahari zake. Lakini kujua ushairi wa watu ni jambo moja, na kuufungulia mlango wa ibada ni jambo jingine. Hata neno lenyewe lilichukuliwa: kitabu cha nyimbo kinachotumiwa na Wakristo wengi wa Afrika ya Mashariki kinaitwa Tenzi za Rohoni, ingawa nyimbo zake nyingi ni tafsiri zilizofuata sauti za Ulaya, wala hazifuati kanuni ya utenzi.

Mwalimu Enoch Sontonga

Mtu aliyetufungulia njia ya pili hakutoka kwetu, lakini kazi yake imekuwa yetu. Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa katika nchi ya Wakhosa, Afrika ya Kusini, akasomea ualimu Lovedale. Alipelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg, na pamoja na kufundisha aliongoza kwaya. Mwaka 1897 alitunga wimbo wa kuomba baraka kwa ajili ya Afrika, Nkosi Sikelel' iAfrika. Wimbo huo uliimbwa hadharani mwaka 1899 katika sherehe ya kumweka wakfu mchungaji mmoja Mwafrika.

Sontonga alikuwa amelelewa katika nyimbo zile zile za wamisionari. Sauti nne za kwaya alizichukua kwao. Lakini maneno hakuyatafsiri kutoka mahali popote. Aliyatunga katika lugha ya mama yake, ambayo kama Kiswahili huivuta silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno na sauti vikatoka katika kichwa kimoja. Mtu wa namna hiyo haitaji kulazimisha neno liingie katika pigo, kwa sababu pigo limetoka katika neno.

Sontonga alifariki mwaka 1905, akiwa kijana bado. Mnamo tarehe 8 Januari 1912 wimbo wake uliimbwa huko Bloemfontein katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa African National Congress. Mshairi S. E. K. Mqhayi aliongeza beti nyingine saba, zilizochapishwa mwaka 1927. Wimbo ukasafiri pamoja na vyama vya uhuru hadi kwetu. Tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, wimbo huo kwa maneno ya Kiswahili ulikuwa Mungu Ibariki Afrika, Wimbo wa Taifa. Zambia ilichukua sauti yake mwaka 1964, Zimbabwe iliutumia tangu mwaka 1980 hadi 1994, na Afrika ya Kusini yenyewe imeuunganisha katika wimbo wake wa taifa wa mwaka 1997.

Wakati mataifa yakisimama kuuimba, mtunzi wake alikuwa amesahauliwa. Inasimuliwa kwamba mjane wake aliuza haki ya wimbo huo kwa pensi sita. Kaburi lake mjini Johannesburg halikujulikana kwa miaka mingi, hadi lilipotambuliwa na kutangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwezi Septemba 1996.

Kutoka Lwandai hadi Makumira

Turudi sasa mkoani Tanga. Mwaka 1947 Walutheri walifungua chuo cha kufundishia wachungaji huko Lwandai, katika milima ya Usambara. Mwaka 1954 chuo hicho kilihamishiwa Makumira, karibu na Arusha. Wanafunzi wake walitoka pande nyingi za nchi, kila mmoja na nyimbo za kwao, na lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili.

Katika miaka ya 1960 alikuwapo Makumira mwalimu mmoja kutoka Marekani, Howard Olson, aliyewahimiza wanafunzi wake walete sauti za nyumbani kwao na kuzitungia maneno ya ibada kwa Kiswahili. Hapa mpango wa zamani uligeuzwa juu chini. Zamani sauti ilikuja kwanza kutoka mbali na maneno yakashurutishwa kuifuata. Sasa sauti na maneno vyote vilitoka kwa watu wanaosema lugha hiyo. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, aliyezaliwa mwaka 1938, alitunga wimbo wa Pasaka uitwao Mfurahini, Haleluya. Mwaka huo huo Wilson Niwagila alitunga Njoo Kwetu, Roho Mwema. Olson alikusanya nyimbo za namna hiyo na kuzitafsiri kwa Kiingereza.

Wimbo wa Kyamanywa ulipata safari ya ajabu. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliutungia maneno ya Kijerumani, na baadaye ukaingia katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani kilichoanza kutoka mwaka 1993. Msomaji apime jambo hilo. Mwaka 1891 Wajerumani walipanda Usambara na nyimbo zao, na Wasambaa wakalazimika kuzivunja lugha zao ili waziimbe. Kabla karne moja na ushei haijapita, Wajerumani walikuwa wakitafuta maneno ya lugha yao yatakayoingia katika sauti ya Tanzania.

Kwa upande wa Wakatoliki, mageuzi yalipata nguvu mwezi Desemba 1963, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa waraka wa ibada uliotaka muziki wa asili wa kila taifa uheshimiwe. Lakini Mtanzania mmoja hakungoja waraka huo. Padre Stephen Mbunga alikuwa amekwisha kutunga misa yenye sauti za Kibantu, Misa Baba Yetu, na mwaka 1963 alichapisha kitabu cha uchunguzi juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu.

Utenzi wapata tena nafasi yake

Wakati wanamuziki walipokuwa wakitafuta sauti, washairi walirudi katika mizani. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alikuwa mtumishi wa serikali na mshairi aliyekuza ngonjera. Hakuzaliwa pwani, wala Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Hata hivyo alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi kwa kanuni za pwani.

Baada yake akaja Mwalimu Julius Nyerere. Tarehe 10 Desemba 1962 alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliwahimiza wananchi watafute nyimbo na ngoma zao walizofundishwa kuzidharau. Mwaka 1996, akiwa amekwisha kung'atuka, alitoa Enjili zote nne na Matendo ya Mitume katika mfumo wa utenzi. Hivyo mizani ya Hemedi bin Abdallah, iliyosimulia kutawafu kwa Nabii, ilikuja kusimulia pia habari za Injili. Bahari ni moja, na vyombo vya kila dini vimesafiri humo. Sisi wa mkoa huu, tunaoishi Waislamu na Wakristo katika mtaa mmoja na pengine katika nyumba moja, tuna sababu ya kuliona hilo kuwa urithi wetu sote.

Majina yanayokosekana

Sasa nairudia ile desturi ya mtunzi kujitaja. Fungua kitabu cha zamani cha nyimbo zilizotafsiriwa. Mara nyingi utakuta jina la mtunzi wa Ulaya, au jina la sauti yake, lakini hukuti jina la mtu aliyeyageuza maneno kuwa Kiswahili. Nani alikaa na misionari usiku akimwambia kwamba neno hili halitamkwi hivyo? Alikuwa mwalimu wa shule, au mwanafunzi, na jasho lake limo ndani ya wimbo. Hata katika kile kitabu cha Ujerumani, Kyamanywa ametajwa kwa maneno yake, lakini sauti imeandikwa kuwa ya Tanzania tu. Wahenga walisema, Mgala muue na haki yake mpe.

Tusiwalaumu wageni peke yao. Kwaya zetu zimetunga nyimbo nyingi mno tangu uhuru, na nyingi huimbwa bila mtu kujua zilitoka kwa nani. Mwalimu wa kwaya akifariki, daftari lake huwa karatasi ya kufungia karanga.

Hapo ndipo mwalimu wa sekondari anaposhika kazi yake. Kwanza, awatume wanafunzi kwa wazee wa kwaya na wa kasida katika vijiji vyao, waandike kila wimbo pamoja na jina la mtunzi, mahali na mwaka, baada ya kuomba ruhusa ya wenyewe. Pili, awafundishe kupima. Wanafunzi wasome maneno ya wimbo bila sauti, waweke alama pale mkazo unapoanguka, kisha wauimbe na kuona kama pigo kubwa limekaa katika alama zile. Kwa zoezi hilo la nusu saa watajifunza sarufi, ushairi na historia kwa pamoja. Tatu, anayetunga leo aandike jina lake chini ya utungo, kama walivyofanya watunzi wa tenzi.

Hitimisho

Tumeona kwamba tafsiri ya maneno haikutosha kuufanya wimbo mgeni uwe wa wenyeji. Walihitajika watu wenye lugha kinywani na muziki sikioni: Sontonga darasani kwake, wanafunzi wa Makumira, Padre Mbunga, Mnyampala katika saa zake baada ya kazi. Pamoja nao walikuwapo wengi wa Magila, Mlalo na Tanga ambao hakuna kitabu kinachowataja. Hao wa zamani huenda tusiwapate tena. Lakini watunzi wa kwaya na wa kasida walio hai bado wanaweza kuulizwa, na majina yao yakaandikwa, kabla madaftari yao hayajafika sokoni.